Mtoto wa mjusi mwenye ndevu: kipi kitangulie?

Mama Rehema, Leicester

Hamjambo wapendwa. Mjomba wa mwanangu amemletea zawadi ya mtoto wa mjusi mwenye ndevu, bearded dragon, wale wa asili ya Australia. Bado mdogo kabisa, ukimweka kiganjani mkia tu ndio unaoning'inia. Amekuja na tanki la kioo la sm 60, mchanga chini, taa moja nyekundu na jiwe la kuchomeka kwenye umeme. Asubuhi anakula nyenje wawili watatu, kisha anajilaza pembeni macho kayafumba. Nyumba yetu ina baridi, hasa alfajiri.

Kwetu Tanga mijusi iko ukutani inajitafutia yenyewe, wala hujiulizi inakula nini. Huyu yuko mikononi mwetu na nataka akue vizuri. Pesa ipo kidogo, lakini siwezi kununua vyote kwa mpigo. Nianze na kipi? Na mchicha anakula?

Baba Yusuf, Coventry

Hongera dada, na usiogope. Pesa ya kwanza iende kwenye taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi ya urujuanimno kama ya jua. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, hiyo haiwezi.

Sababu ni hii. Mjusi huyu hutengeneza vitamini D3 ngozini kwa mionzi ya urujuanimno. Asipoipata, hata umlishe kalsiamu kiasi gani mwili hauishiki. Mifupa inalainika, taya linapinda, miguu inaanza kutetemeka, na mtoto ndiye anayeumia haraka kwa sababu anakua kwa kasi. Nimeona waliofikia hapo. Mfupa ukishapinda haurudi.

Nunua tyubu ndefu ya T5 (aina ya tyubu nyembamba), yenye UVB ya asilimia 10 au 12. Zile balbu fupi za kuzungusha achana nazo. Tyubu ienee nusu ya tanki hadi theluthi mbili, na ikae upande uleule wa taa ya joto, ili anapoota joto apate na mionzi. Kioo huzuia mionzi hiyo, kwa hiyo kumweka dirishani juani hakumsaidii, na tanki linaweza kumpikia humo ndani. Andika tarehe ya kuiwasha kwenye tyubu yenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya mwaka ibadilishe hata kama inawaka vizuri, maana mionzi huisha kabla ya mwanga.

Joto sasa. Jiwe la umeme litoe leo leo, huwachoma tumbo. Taa nyekundu nayo itoe, weka balbu nyeupe ya joto juu ya gogo au jiwe bapa. Hapo anapoota pawe nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, upande wa pili 25 hadi 28, ili achague mwenyewe. Taa ziwake saa 12 hadi 14, usiku zima zote. Nyumba ikishuka chini ya 18 usiku, weka kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kiunganishwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Pima kwa kile kipimajoto cha kulenga kama bastola, palepale anapolaza tumbo. Cha kubandika ukutani kinakupa joto la kioo tu.

Huko kufumba macho mchana nadhani ni baridi. Bila joto hawezi kusaga chakula, ndiyo maana anaacha kula. Na mchanga utoe, mtoto huumeza pamoja na nyenje ukamzibia utumbo. Tandika karatasi za jikoni.

Halima B., Leeds

Naongezea ya chakula. Mchicha usimzoeshe, una oksaleti nyingi zinazofunga kalsiamu, sawa na spinachi. Mpe sukuma wiki! Hata zile spring greens za sokoni ni nzuri sana, zikatwe nyembamba. Majani ya dandelion ya bustanini pia, ila pawe hapajapulizwa dawa. Parachichi kamwe, ni sumu kwake.

Kwa umri huu wadudu ndio wengi, majani kidogo, akikua mnageuza. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Mlisheni mara mbili au tatu kwa siku, kiasi anachomaliza kwa dakika 10 hadi 15, na mlo wa mwisho uwe saa kadhaa kabla ya kuzima taa. Waliobaki watoeni, usiku humng'ata. Poda ya kalsiamu: tia nyenje kwenye mfuko wa nailoni, nyunyiza chembe, tikisa taratibu mpaka wawe weupe, mmwagie papo hapo kabla hawajajipangusa.

Majani akiyakataa msikate tamaa, yawekeni kila asubuhi.

Mama Rehema, Leicester

Mungu awabariki. Jiwe, taa nyekundu na mchanga vimetoka, tyubu nimeshaagiza. Balbu nyeupe niliyoiweka imenipa 33 pale juu ya gogo. Jana akatupungia mkono mmoja polepole, mwanangu akafurahi sana, akasema tumtafutie mwenzake wacheze. Tumtafutie?

Baba Yusuf, Coventry

Hapana dada. Kwao jangwani huishi mmoja mmoja. Ukiweka wawili, mkubwa humnyima mdogo joto na chakula, na hung'atana vidole na mikia. Kupunga mkono ni kujisalimisha kwa aliye mkubwa kuliko yeye, kwa hiyo siku hizi za kwanza mwanao akae karibu na tanki, aongee naye, bila kumshikashika.

Pesa ya mwenzake iwekeni kwa tanki la sm 120 kwa 60 kwa 60. Mkubwa hufika sm 45 hadi 60 na huishi miaka 10 na zaidi. Mtafuteni pia daktari anayejua reptilia, mpelekeeni kinyesi kibichi kipimwe minyoo na koksidia, vijidudu vya utumbo. Mikono kwa sabuni kila mkimshika, kujikinga na bakteria wa salmonela, na vyombo vyake visioshewe sinki la jikoni.

Kuhusu hiyo 33, usikimbilie balbu kubwa. Inua gogo kwanza, sm mbili mbili, upime tena baada ya saa moja. Ila tyubu ikifika, mgongo wake usiikaribie chini ya sm 30. Ukipata 40 tuandikie, na utuambie kama anakula.