Uwanja wa farasi umechakaa, masika yanakaribia: nimwage mchanga au nianze na nini?

Mama Farasi:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaojua viwanja vya kupandia farasi.

Nina uwanja wa nje wa mita 20 kwa 40, nje kidogo ya mji wa Arusha. Farasi ni wanne na wanafunzi wengi ni watoto, kwa hiyo unatumika karibu kila siku. Njia ya pembezoni imechimbika kama mfereji. Katikati mchanga umebaki kama sentimita 3 na umechanganyika na udongo, lakini kwenye uzio umerundikana hadi sentimita 12. Mvua ikinyesha, kona ya chini inatuama maji siku tatu. Kiangazi vumbi linawakohoza farasi. Chini ya mchanga kuna moramu iliyoshindiliwa, na chini ya moramu ni udongo mweusi, ule unaopasuka jua likiwa kali.

Bajeti yangu inatosha tipa sita za mchanga za kyubiki (mita za ujazo) 10, pamoja na vibarua wa wiki moja. Nilifikiri nimwage mchanga wote, nisawazishe, kazi iishe. Niko sahihi?

MtaroKwanza:

Dada, usiagize mchanga bado. Kyubiki 60 kwenye mita za mraba 800 ni sentimita 7.5, na kwa macho utapendeza sana. Ila maji yatatuama pale pale, kwato zitapasua moramu iliyolowa, udongo mweusi utapanda juu na kuchanganyika na mchanga mpya. Masika moja tu na pesa yote imezama.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kama upande mmoja mrefu uko juu ya uwanja, chimba mtaro upande huo, mita 1.5 nje ya uzio, upana sentimita 40. Sakafu ya mtaro ishuke sentimita 1 kila mita. Maana yake, ardhi ikiwa tambarare na umeanza na kina cha sentimita 30, mwisho wa mita 40 utakuwa na kina cha 70. Wengi hawapigi hesabu hii, wanachimba kina kimoja mwanzo mwisho, halafu maji yanalala mtaroni na kunyonywa chini ya uwanja. Usiujaze kokoto, huna bajeti hiyo. Uache wazi, kingo zilale kidogo, panda nyasi kwenye kingo. Hakikisha mdomo wake unatoka mbali na uwanja, usiishie kwenye ile kona ya chini.

Pima Maji:

Naunga mkono. Na kabla ya kushika jembe, pima. Nunua mpira wa maji unaoonyesha, ule wa mafundi ujenzi. Piga vigingi kila mita 5. Kwa uwanja wako ni vigingi 45. Weka alama ya usawa kwenye kila kigingi, kisha pima kutoka alama hadi kwenye moramu, siyo hadi juu ya mchanga. Andika namba zote kwenye karatasi yenye miraba na ubonde utajionyesha wenyewe.

Mteremko unaotakiwa ni asilimia 1, kutoka upande mrefu mmoja hadi wa pili. Kwa upana wa mita 20 hiyo ni tofauti ya sentimita 20. Ukizidi asilimia 2, mvua kubwa itahamisha mchanga. Ukiwa chini ya 1, maji hayatembei.

Pia chimba vishimo sita hadi kwenye udongo mweusi: viwili kwenye njia ya pembezoni, viwili katikati, viwili kwenye kona inayotuama. Tazama moramu imebaki unene gani. Ikiwa chini ya sentimita 10 mahali popote, hapo ndipo udongo mweusi utakapotokea.

Mama Farasi:

Nashukuru sana. Nimepima. Katikati moramu ni sentimita 13 hadi 15, imekaza. Kwenye njia ya pembezoni imebaki 4 hadi 6 kwa upana wa mita 1.2 hivi. Mteremko ulikuwepo, ila ule mfereji wa pembezoni ndio unaoshika maji na kuyapeleka konani.

MtaroKwanza:

Hiyo ni habari njema, kwa sababu huhitaji kuvunja uwanja wote. Tengeneza pembezoni peke yake.

Mzunguko ni mita 120, mara 1.2, mara sentimita 10 za kujaza: ni kama kyubiki 14 zilizoshindiliwa. Moramu hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo agiza kyubiki 18, yaani tipa mbili zisizojaa sana. Kwa mchanga: safu ya sentimita 5 kwa uwanja wote ni kyubiki 40. Mchanga wa zamani ukiuchekecha utaokoa labda 15. Zinabaki 25, ongeza kidogo kwa ajili ya kukaa chini, basi tipa tatu. Jumla tipa tano badala ya sita, na mbili kati yake ni moramu ambayo kwa kawaida ni rahisi kuliko mchanga. Pesa inayobaki ikodi roli ya kushindilia na ilipe wachimba mtaro.

Fundi Greda:

Niongeze kwenye moramu, maana hapa ndipo kazi huharibika.

Sukuma mchanga wote wa zamani katikati. Kwangua njia ya pembezoni mpaka uone moramu safi. Tope na samadi vyote vitoke. Kisha kwaruza uso wa moramu ya zamani kwa sururu, kina cha sentimita 2 au 3, ili mpya ishikane nayo. Ukimwaga juu ya uso laini itatoka vipande vipande kama ukoko wa wali.

Shindilia kwa tabaka mbili, siyo moja. Unyevu uupime kwa mkono: fumba moramu kiganjani, ibaki donge, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno, livunjike vipande vichache. Likisambaa kama unga, ongeza maji. Likibaki tope, subiri jua. Roli ipite mara sita hadi nane kila tabaka, mpaka kisigino cha buti kisiache alama.

Tipa lisiingie uwanjani hata kidogo. Limwage getini, toroli zifanye kazi. Tairi za lori lenye mzigo zinaweza kuivunja moramu nzuri uliyonayo katikati.

Lang'ata Rider:

Nawasalimu kutoka Nairobi, huku nako udongo mweusi tunaujua. Kabla ya kurudisha mchanga, leta boza moja la maji, mwagia moramu tupu, kisha piga kigingi kila penye dimbwi baada ya saa moja. Jaza hapo, shindilia, mwagia tena. Kosa la moramu likishafunikwa kwa mchanga halionekani tena mpaka farasi ateguke.

Kuhusu mchanga wenyewe: epuka wenye punje za mviringo, unabiringika chini ya kwato na farasi hapati mshiko. Tafuta wenye punje zenye kona, uliooshwa. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope lililokaa juu likizidi nusu sentimita kwenye sentimita 10 za mchanga, ukatae. Hilo ndilo vumbi lako la kiangazi. Vumbi la kokoto peke yake usilikubali pia, linakaza kama sakafu.

Sauti ya Shamba:

Kwa vumbi, mbona watu humwaga oili chafu? Ni bure kabisa gereji. Au pumba za mpunga?

Lang'ata Rider:

Ndugu, oili chafu hapana kabisa. Mwaka 1971 huko Missouri, Marekani, viwanja vya farasi vilinyunyiziwa oili chafu ili kuzuia vumbi. Ilikuwa imechanganywa na taka za kiwanda zenye sumu ya dayoksini. Farasi wengi walikufa na watoto waliocheza hapo waliugua. Hata bila dayoksini, oili ya gereji ina metali nzito, inaunguza ngozi, inaingia kisimani.

Pumba huoza, huteleza zikilowa, na zikikauka zenyewe ni vumbi.

Dawa ni maji na kuokota samadi kila siku, kwa sababu samadi iliyosagwa na kwato ndiyo vumbi baya zaidi. Lita 4 kwa mita ya mraba, yaani lita 3,200 kwa uwanja wote, jioni jua likishatua.

Mama Farasi:

Nimeelewa. Swali la mwisho: sentimita 5 si kidogo? Na nitunzeje ili pembezoni pasichimbike tena?

Pima Maji:

Anza na 5. Kuongeza mchanga ni rahisi, kuutoa ni taabu. Mchanga ukiwa na kina kirefu unavuta kano za miguu, hasa kwa farasi wa shule wanaozunguka saa nyingi. Ukwato uache alama safi ya sentimita 2 au 3. Ukizama zaidi mchanga ni mwingi au mkavu, ukigonga chini ni haba.

Matunzo: kila wiki rudisha kwa reki mchanga wa kwenye uzio uingie njiani, kabla hujavuta chochote. Kisha vuta kipande cha wavu wa uzio chenye gogo juu yake, ukibadilisha mwelekeo kila mara. Haro (reki kubwa ya kuvutwa) ya meno marefu usiitumie, inachokonoa moramu. Watoto nao wapande nusu ya muda mita 2 ndani ya njia. Na kumzungusha farasi kwa kamba, hamisha duara kila siku. Duara moja mahali pamoja linachimba shimo ndani ya mwezi.