Sheria za Marekani zinabeba biashara au zinaiua? Tulio huku tuseme ukweli

Mzee wa Treila:
Wakuu salama. Naleta mada, naomba tuijadili bila matusi. Watu wakiwa nyumbani wanadhani Marekani ni nchi ya biashara huria, ukitaka unafungua tu. Mi naendesha semi, yaani lori la kuvuta treila, mwaka wa tisa huu, gari langu mwenyewe, na nawaambia serikali ya huku inakufuata mpaka chooni. Tangu Desemba 2017 kuna kile kimashine kinafungwa kwenye injini kinarekodi kila dakika gari inayotembea, zamani logi ulikuwa unaandika kwa kalamu na Mungu anakusamehe. Sheria inasema uendeshe masaa 11 tu, ndani ya masaa 14 tangu uanze kazi, halafu ulale 10. Sawa. Sasa nafika kupakia saa kumi na mbili asubuhi, ghala wananiweka foleni masaa matano, na yale 14 yanaendelea kuhesabika tu mi nimekaa nachezea simu. Nikitoka hapo sifiki niendako, paking zimejaa tangu saa kumi na moja jioni, nalala kwenye njia ya kutokea haiwei kama mbwa wa kufukuzwa. Kampuni yenye magari mia haijali, itatuma mwingine. Mwenye gari moja ndo anaumia. Na si malori tu, hata dada zetu kuna majimbo wamedaiwa masaa 1,500 ya shule eti ndo wasuke nywele, kazi ambayo mtu yeyote anaijua haihitaji kusomea. Trump alisema 2025 ikija sheria moja mpya zifutwe kumi, mi namuunga mkono. Karibuni.

Pweza Mkavu:
Kwa hiyo mkuu unataka uendeshe masaa 18 na tani 36 chini yako, halafu usinzie nyuma ya basi la shule la wanangu?

Mzee wa Treila:
Wapi nimeandika 18? Soma kwanza. Nimesema masaa ya kukaa foleni yasihesabiwe. Tatizo lenu mnajibu kichwa cha habari.

Msusi wa Tandika:
Ngoja kwanza. "Mtu yeyote anaijua haihitaji kusomea." Kaka yangu Mzee wa Treila, hebu shika kichana uje ugawe mistari kwenye kichwa cha mtoto anayelia, nywele kipilipili, mama yake amesimama nyuma anakuangalia, tuone. Mimi nimeanza kusuka darasa la tatu barazani kwa bibi yangu, nikaanzia mabutu, nikaja twende kilioni, nikaja yeboyebo, nimekuja huku nikajifunza rasta zisizo na fundo ambazo mteja anakaa masaa sita na anataka asisikie maumivu. Ukivuta sana nywele za mbele zinanyonyoka mpaka paji la uso linarudi nyuma kama la waziri mstaafu. Nani kakwambia hiyo haijasomewa? Imesomewa, ila si darasani. Na hiyo sheria ya leseni naipinga kuliko wewe, lakini usinitetee kwa kunitukana.

Mzee wa Treila:
Dada nilikuwa nakutetea jamani.

Msusi wa Tandika:
Basi acha.

Mama Ushungi:
Mi nina leseni, masaa 1,500 nimeyakaa yote, usiku nasafisha maofisi ya watu, asubuhi darasani nasinzia. Nimelipa kwa jasho. Sasa mtu atue juzi, asukie sebuleni kwake, apige bei nusu ya yangu anichukulie wateja wangu, halafu mnaniambia sheria ni mbaya? Saluni yangu nalipia kodi, bima, maji, inspekta anakuja kuangalia dawa ya kuchovyea vichana. Sheria ibaki hivyo hivyo.

Msusi wa Tandika:
Dada naomba kuuliza, huko shuleni kusuka rasta walikufundisha siku ngapi?

Mama Ushungi:
Mbili. Labda tatu. Muda mwingi ni rangi, dawa ya kunyoosha, kukata, kucha kidogo.

Msusi wa Tandika:
Na mimi nikae 1,500 nijifunze kuweka dawa ambayo siweki?

Mama Ushungi:
Kama mimi nilivyokaa.

Chumvi Kidogo:
😂😂 yaani mateso yagawiwe sawa. Lakini jamani tusiende mbali, shangazi yangu alisukwa kwa mtu, vichana havioshwi, akapata mapunye na umri wa miaka hamsini na mbili. Mtu mzima na mapunye. Usafi lazima usimamiwe, ila kujua kuchemsha kichana ni semina ya Jumamosi moja, si mwaka.

Mwanasheria Uchwara:
Hili la nywele lina kesi nyingi tu. Dallas kuna mama anaitwa Isis Brantley, alikamatwa 1997 kwa kusuka bila leseni. Miaka baadaye Texas wakatoa cheti cha kusuka cha masaa 35, lakini akitaka kufundisha wengine lazima aendeshe shule ya vinyozi, iwe na viti kumi vya kulalia na masinki, kwenye shule ambayo hainyoi mtu wala haioshi nywele. Akaishtaki serikali ya jimbo, jaji akampa ushindi Januari 2015, na mwaka huo huo bunge la Texas likafuta leseni ya kusuka kabisa. Utah nako mama wa Sierra Leone, Jestina Clayton, alidaiwa masaa 2,000, akashinda mahakamani 2012.

Ila jambo kubwa ambalo hamligusi ni nani anakaa kwenye bodi zinazotoa hizo leseni. Mara nyingi ni wenye leseni wenyewe! North Carolina bodi ya madaktari wa meno iliandikia barua watu wa kwenye maduka waache kung'arisha meno, kwa sababu walikuwa wanafanya kwa bei rahisi. Ilifika Mahakama Kuu ya Marekani 2015 na bodi ikashindwa. Kwa hiyo ukiuliza sheria inasaidia au inaumiza biashara, lazima useme biashara ya nani. Aliyekwisha ingia ndani anafurahi mlango ukifungwa.

Mama Ushungi:
Meno na nywele wapi na wapi? Na mimi siko kwenye bodi yoyote.

Pweza Mkavu:
Isis ni jina la mtu kweli?

Mwanasheria Uchwara:
Nimeandika aya mbili, wewe umeona jina.

Njoro wa Minnesota:
Wasee mmeshikana nywele kabisa na swali limepotea. Mleta mada anataka serikali ikae kando. Ilikaa kando kwa Boeing. FAA, wale wakaguzi wa ndege wa serikali, waliachia wafanyakazi wa Boeing wenyewe sehemu kubwa ya kukagua 737 MAX, na ile programu ya MCAS ya kusukuma pua chini marubani wengi hawakuijua mpaka ya Lion Air ya Indonesia ilipoanguka Oktoba 2018 na watu 189. Hata baada ya hiyo, ndege ziliendelea kupaa. 10 Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian, imetoka Addis inakuja Nairobi, watu 157, na 32 walikuwa Wakenya, hakuna nchi ilipoteza wengi kama yetu. Sasa niambie hiyo biashara ilisaidika na kuachwa huru vipi, MAX ilikaa chini miezi ishirini na Boeing ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 Januari 2021. Inspekta mmoja mkali angewagharimu kidogo kuliko hapo.

Mzee wa Treila:
Poleni sana ndugu zangu wa Kenya, hilo halina utani. Lakini ndege si semi.

Chumvi Kidogo:
Njoro, FAA ilikuwepo. Sheria zilikuwepo, makaratasi yalikuwepo, mihuri ilikuwepo. Hazikukosekana, ila mkubwa aliruhusiwa kujikagua. Mzee wa Treila akipitiliza dakika kumi kwenye logi yake anaandikiwa pale pale mizani. Kwa hapo mi namwelewa hasira yake.

Mzee wa Treila:
Umesema vizuri. Mi mwaka juzi niliandikiwa kwa dakika saba. Saba! Nilikuwa natafuta paking.

Pweza Mkavu:
Mnasahau hata hiyo biashara ya malori ya mtu mmoja mmoja ipo kwa sababu Reagan aliifungua.

Mwanasheria Uchwara:
Si Reagan, ni Rais Carter. Sheria ya malori, Motor Carrier Act, 1980. Na ndege ni Carter pia, 1978. Kabla ya hapo ukitaka kubeba mzigo kutoka jimbo hadi jimbo unaomba kibali kwa tume ya serikali, kampuni zilizopo zinaruhusiwa kukupinga, na bei zinapangwa kwa makubaliano yao. Yaani kama Mama Ushungi angekuwa anasafirisha mizigo.

Mama Ushungi:
Mmeanza kunizoea.

Pweza Mkavu:
Reagan, Carter, wote wazungu. Kilichofuata unakijua? Madereva wa zamani waliokuwa na chama cha wafanyakazi na pensheni nzuri, mishahara ikashuka. Mteja akapata bei rahisi, dereva akapata usingizi wa kwenye kiti. Mzee wa Treila anailaumu serikali kwa foleni ya ghalani, wakati anayemweka foleni ni mwenye ghala, si serikali. Si umdai huyo?

Mzee wa Treila:
Nimdai nani, broka, yule dalali wa mizigo, anakwambia masaa mawili ya kwanza hayalipwi, ya baada ya hapo utume ushahidi, ukituma anakaa kimya, ukipiga kelele hakupi mzigo tena. Wewe hujawahi kushika usukani unaongea tu.

Pweza Mkavu:
Kwa hiyo unahitaji sheria ya kumlazimisha alipe 😀

Mzee wa Treila:
Hiyo moja tu.

Njoro wa Minnesota:
Imeanza. Na huyo Trump wako wa kufuta kumi, si 2025 hiyo hiyo ameamuru dereva asiyejua Kiingereza asimamishwe barabarani? Tangu Juni mwaka huo wanashushwa kwenye magari.

Mzee wa Treila:
Hiyo sheria ilikuwepo zamani ila haikukaziwa. Na ni ya usalama, dereva asome vibao. Mi Kiingereza changu hakina shida.

Msusi wa Tandika:
Nimerudi. Kumbe sheria ikimbana mwenzio inaitwa usalama, ikikubana wewe inaitwa serikali kukufuata chooni. Na wewe ndo ulisema kazi yangu haihitaji kusomea. Kuendesha je? Si kunyoosha mguu tu na kukaa?

Mzee wa Treila:
Dada wewe bado uko kwenye hilo?! Tangu Februari 2022 huwezi hata kufanya mtihani wa leseni ya semi bila kupita shule iliyosajiliwa. Kurudisha nyuma treila ya futi 53 kwenye kidirisha cha ghala usiku na mvua unakujua wewe?

Msusi wa Tandika:
Sikujui. Ndo maana sijasema mtu yeyote anaweza.

Chumvi Kidogo:
Hapo kaka kubali tu.

Mama Ushungi:
Kwa hili nipo na msusi. Tuna ugomvi wetu lakini kwa hili nipo naye.

Mwanasheria Uchwara:
Turudi kwenye bodi, kuna mtu ana hoja yoyote kuhusu bodi?

Pweza Mkavu:
Dada msusi, rasta za kiunoni bei gani? Wife anauliza.

Msusi wa Tandika:
Dola 250, nywele aje nazo, zioshwe na zikauke. Asije na mafuta kichwani. Na aje na saa tatu asubuhi ya kweli, si ya kwenu.

Mama Ushungi:
250?? Halafu mnasema mimi ndo ghali. Kwangu 280 na kuosha juu yangu, na kiti kinazunguka.

Njoro wa Minnesota:
Ushindani huria umeanza, hakuna bodi.

Mzee wa Treila:
Dada Msusi, tuyaache yale. Samahani kwa lile neno, lilinitoka. Nina binti wa miaka saba, Jumatatu wanapigwa picha shuleni, mama yake yuko kazini wikiendi yote na mimi narudi Jumamosi jioni. Uko jimbo gani? Hata ile mistari ya kurudi nyuma tu.

Msusi wa Tandika:
Haihitaji kusomea, kaka. Msuke.