"Hapa wanakimbia tu": uzi maalumu kwa yule mwenye rimoti

Mwana wa Mabatini:

Wakuu wa Mwanza, natoka banda la video sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira na yule mwenye banda. Mnamjua. Msijifanye hammjui. Banda lake mnalijua, benchi lake la mbele lenye msumari mnalijua, na ile rimoti aliyoifunga kwa mpira mnaijua. Leo saa 3 usiku kaweka Casino Royale, ile ya James Bond. Watu tumejaa hadi mlangoni. Jamaa anaparamia kreni, Bond yuko nyuma yake, binadamu huko chini wamekuwa wadogo kama dagaa walioanikwa soko la samaki la Mwaloni. Yeye ananyoosha mkono, anabonyeza, picha inaruka, anasema: "Hapa wanakimbia tu, twende kwenye ngumi."

WANAKIMBIA TU!

Kwenye kreni, wakuu. Hakubonyeza kwenye maongezi wala kwenye karata, ambako wamekaa mezani nusu ya muvi. Kabonyeza kwenye KRENI. Mtu wa hivyo ukimpa mkungu wa ndizi atatupa ndizi ale mkungu.

Yule anayefukuzwa ni Sébastien Foucan, Mfaransa, mmoja wa wale walioanzisha huu mchezo wa kukimbia kwa kuruka kuta, yeye na kina David Belle. Ndiyo maana anapenya kidirisha cha juu ya ukuta kama paka. Bond anafika palepale na kuutoboa ukuta wa jasi kwa mwili mzima. Mwaka 2006 Daniel Craig ndiyo kwanza anavaa hiyo nafasi, watu hawamjui, na wamemtambulisha kwa ukuta, si kwa maneno. Mmoja ana wepesi, mwingine ana ubishi. Kikwazo ni kilekile, kila mtu anakivuka kwa tabia yake. Wangeruka wote kwa mtindo mmoja, hapo ningekubali wanakimbia tu.

Halafu angalia walivyopandisha. Chini kwenye vumbi, eneo la ujenzi, vyuma vya jengo, ndipo kreni. Kila hatua iko juu kuliko iliyopita, na kila kosa linauma kuliko la kwanza. Ukikata kreni umekata kile ambacho ngazi zote zilijengwa kukifikia.

Na hili ndilo linaloniua: ngumi alizokuwa anazitafuta ZILIKUWA JUU YA KRENI! Wanapigana palepale! Jamaa risasi zinamwishia, anamrushia Bond bastola tupu, Bond anaidaka na kumrudishia usoni. Banda zima lingeanguka kwa kicheko. Yeye karuka mbele kutafuta ngumi.

Sangara Mkavu:

Povu hili linafua mashuka ya wodi nzima. Mkuu, kunywa maji, hiyo hela ya kiingilio tutakuchangia.

Mwana wa Mabatini:

Siyo hela. KRENI.

Fundi Sauti Nyakato:

Mleta uzi una haki, lakini unalilia rimoti wakati kuna kidonda kikubwa zaidi. Mtafsiri, yule anayeongea juu ya muvi! Nani alimwambia mbio zinahitaji maneno? "Anakujaaa, anakujaaa huyo, steringi hafiii!" Mbio za miguu zinaishi kwa sauti tatu: soli, pumzi na kimya. Soli zinarekodiwa upya studio, kila sakafu kivyake: vigae, mchanga, bati. Anayefukuzwa pumzi yake fupi, iko juu kifuani. Anayemfukuza pumzi yake nzito, ya tumboni. Akiruka, unakata muziki kabla miguu haijaacha ukingo, unaacha nusu sekunde tupu hewani, ndipo kishindo. Ukijaza ile nusu sekunde kwa maneno, kishindo kinakufa.

Chukua The Bourne Ultimatum, 2007, muvi ya yule jasusi Bourne, pale Tangier, Morocco. Ngoma zinadunda paa kwa paa, zinadunda, zinadunda. Bourne anapomfikia muuaji na ngumi kuanza, muziki unanyamaza. Unabaki na pumzi na vitu vinavyovunjika. Mtafsiri wetu hapo ndipo alipoamua kutangaza ofa ya soda.

Dada Lenzi:

Fundi, umeitaja Tangier ukaacha kilicho bora. Pale kuna watu watatu wenye haraka tofauti. Muuaji anamfukuza Nicky, yule dada anayemsaidia Bourne, Bourne anamfukuza muuaji, polisi wanamfukuza Bourne. Kwa hiyo Bourne akipunguza mwendo, anayekufa ni mtu mwingine. Mbio bila swali la "akichelewa itakuwaje" ni mazoezi ya asubuhi.

Na ule mruko wa kuingia dirisha la nyumba ya pili: mtu wa stanti, wale wa michezo ya hatari, aliruka na kamera mkononi nyuma ya mwenzake. Ndiyo maana tumbo linakupanda. Hiyo kazi ilichukua Oscar ya uhariri, na anayesema kamera ya kutikisika ni uvivu aje hapa nimuulize.

Kaka wa Isamilo:

Nimekuja. Kamera ya kutikisika ni uvivu. Watu walimwiga Bourne wakaiga mtikisiko, wakaacha ramani. Quantum of Solace, Bond nyingine ya 2008, wanavyofukuzana kwa miguu Siena, Italia: wanatoka chini ya ardhi hadi juu ya mapaa, mahali pazuri mno, lakini picha zimekatwa fupi hadi hujui mguu huu wa nani. Suti zote za rangi ya giza! Ukiwavalisha wakimbiaji wawili nguo za rangi moja umeshajiloga mwenyewe.

Kanuni ya mtoto mdogo: mtu akianza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, aendelee hivyo. Ukitaka kumgeuza, muonyeshe akikata kona, au weka picha moja anakuja usoni mwa kamera, ndipo umtoe upande wa pili. Na kila baada ya picha kadhaa za karibu, toa moja pana ionyeshe wote wawili na nafasi kati yao. Hiyo nafasi ndiyo hadithi yenyewe. Ikipungua moyo unapanda.

Mwana wa Mabatini:

Asante Kaka wa Isamilo! Na picha pana kuliko zote ilikuwa wapi? Juu ya kreni! Wawili, chuma chembamba, bahari nyuma! Kidole kikaenda kwenye rimoti!

Sangara Mkavu:

Huyu ataota kreni.

Mzee wa Kamanga:

Vijana, mnahangaika na Wazungu. Mimi nina malalamiko na hizi muvi zinazopigwa hapahapa jijini. Steringi anaanza kukimbia Makoroboi, anakata kona, anatokea Bwiru! Anakata nyingine, yuko kivukoni! Sisi tunaoishi hapa tunaonekana wajinga? Shati kavu, kiatu cheupe, na kivuli kimebadilika upande. Hapa tuko karibu na ikweta, saa 6 mchana kivuli kinajificha chini ya miguu na macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Pigeni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na mchague moja, msichanganye.

Dada Lenzi:

Mzee, wabeja sana. Na jasho! Maji matupu yanakauka kabla hamjasema "twende". Changanya maji na gliserini, nusu kwa nusu, pulizia, na piga picha ya simu ya shati kila mnapokata ili mjue lilikuwa limelowa hadi wapi.

Bodaboda Pasiansi:

Ingekuwa mimi ningepiga daraja la Kigongo–Busisi. Maji huku na huku, pazuri.

Kaka wa Isamilo:

Bodaboda, kilomita kama 3, nyoofu, hakuna kona, hakuna mlango, hakuna uamuzi hata mmoja. Pale mwenye mapafu ndiye mshindi, muvi imeisha. Mtu anayekimbia lazima awe anachagua: kushoto au kulia, juu au chini, kumsukuma mama mwenye beseni au kumkwepa. Mabatini ndiko. Ngazi za mawe, nyumba zimebanana kati ya majabali, mtu anatokea juu ya bati la jirani, na kutoka juu unaona njia yote hadi chini. Lenzi pana, milimita 24, kamera usawa wa goti, nguzo na kamba za nguo zipite karibu na kioo. Hapo hata anayekimbia polepole anaonekana risasi. Lenzi ndefu ibaki kwa pale anapokata tamaa. Ukimpiga kwa mbele na milimita 135 anaonekana anakimbia na hafiki.

Dagaa Mbichi:

Mwaloni Kirumba ni bora kuliko Mabatini, acheni ubishi.

Kaka wa Isamilo:

Mwaloni sakafu ina magamba ya samaki na maji. Mtu wako atavunjika picha ya pili.

Dagaa Mbichi:

Mwaga mchanga mwembamba usioonekana kwenye picha, na mwambie asikimbie kwa nguvu zote, asilimia 80 inatosha. Piga fremu, yaani picha moja moja, 22 kwa sekunde ukaonyeshe kwa 24, umepata mwendo bila kumuua. Usishuke chini ya 20, atakuwa kichekesho. Misuli ya nyuma ya paja haichaniki kwenye picha ya kwanza. Inachanika ya tano, baada ya kukaa dakika 20 anasubiri betri. Apashe mwili upya kila mara.

Dada Lenzi:

Na anayeruka apewe maboksi. Matupu, makavu, pembe zimetobolewa hewa itoke, tabaka mbili au tatu, godoro juu, kamba kuzunguka yote yasisambae. Tom Cruise alikuwa na nyaya na kila kitu, bado alivunjika kifundo cha mguu London mwaka 2017 akipiga Mission: Impossible – Fallout, akiruka kutoka jengo hadi jengo. Alijivuta juu akachechemea mbele ya kamera, na picha hiyohiyo iko ndani ya muvi. Kazi ikasimama wiki kadhaa. Wao walikuwa na hela ya kusubiri. Nyinyi?

Mwana wa Mabatini:

Jamani, uzi ulikuwa wa rimoti.

Bodaboda Pasiansi:

Viatu gani vinashika kwenye mawe yaliyolowa?

Dagaa Mbichi:

Raba yenye soli laini, bapa. Soli ngumu ya plastiki kwenye jiwe la mvua ni barafu. Chana mistari midogo ya kukatiza kwa kisu. Na nunua jozi tatu zinazofanana, moja ikilowa ingine ipo.

Fundi Sauti Nyakato:

Jozi tatu zinazofanana mitumbani? Mimi nimeuziwa mguu wa kushoto 42, wa kulia 43, na muuzaji akaniambia zitazoeana!

Mzee wa Kamanga:

Huyo muuzaji namjua. Ana mwavuli wa bluu?

Fundi Sauti Nyakato:

Huyohuyo, mzee!

Sangara Mkavu:

Mimi aliniuzia zote za kushoto. Mfungulieni uzi wake.