Mke wangu ana ujauzito wa wiki 22: je, tendo la ndoa linamdhuru mtoto?

Fundi wa Langoni, Lamu
Asalaam aleikum. Hii ni mimba yetu ya kwanza, na tangu mwezi uliopita, mama mkwe alipohamia kwetu ili amwangalie binti yake, mimi na mke wangu tumekuwa tukilala kama ndugu. Bibi mmoja wa mtaani alimwambia kwamba mume asipojizuia, mtoto huzaliwa amepakaa uchafu mweupe mwili mzima, na wakunga wakamcheka mama. Mke wangu anaogopa aibu hiyo. Mimi naogopa zaidi kumwumiza mtoto. Kuna ukweli?

Mkunga wa Malindi
Wa aleikum salaam, mwanangu. Weupe huo nimeupangusa kwa mikono yangu miaka mingi, nao ni mzito na unanata kama siagi. Ni mafuta yanayotoka katika ngozi ya mtoto mwenyewe ili isiharibike kwa kukaa majini miezi yote hiyo. Shahawa hazimfikii, kwa sababu mlango wa kizazi umezibwa kwa ute mzito, naye yumo ndani ya chupa yake ya maji. Mimba isiyo na matatizo haiharibiki kwa tendo la ndoa. Tumbo likikaza kidogo baada ya mama kufika kileleni, hilo ni la kawaida mradi lilegee upesi. Wanaopaswa kujizuia ni wanaotokwa na damu, waliopasukiwa na chupa, walioambiwa kwamba mlango wa kizazi umelegea au kwamba kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi au juu yake. Na aliyewahi kuzaa kabla ya wakati amwulize daktari kwanza. Fungueni kijitabu cha kliniki mtazame kilichoandikwa.

Mama wa Watatu, Shela
Niongeze moja ambalo wanaume hawaulizi. Katika mimba ya pili nilichukia hata harufu ya udi, sembuse mume, na miezi mitatu baadaye hamu ikarudi yenyewe, usimnunie mwenzio. Tumbo likishakuwa kubwa, alale kwa ubavu, kwani akilala chali kizazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu naye huona kizunguzungu. Na mume asiyeweza kuapa kuhusu safari zake avae kondomu, maana kaswende na virusi vya Ukimwi humpitia mama vikamfikia mtoto.

Fundi wa Langoni, Lamu
Ahsanteni. Nimekifungua kijitabu: picha ya tumbo (ultrasound) ya wiki ya 20 inasema kondo liko chini. Hatukuelezwa maana yake.

Mkunga wa Malindi
Basi hapo jibu langu linabadilika. Mara nyingi kondo hilo hupanda kadiri kizazi kinavyokua, na ndiyo sababu picha hurudiwa karibu na wiki ya 32. Mpaka daktari awaruhusu, msiingiliane wala kitu chochote kisitiwe ukeni. Kukumbatiana na kumkanda mgongo hakuna aliyewakataza, hata mama mkwe. Damu ikitoka, ijapokuwa haina maumivu na ni usiku wa manane, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Wenzenu wengi wa visiwani hulazimika kutafuta boti kwanza. Nyinyi mwafika kwa miguu au kwa punda, kwa hiyo msingoje alfajiri.