Naomba ushauri: kumwomba mwalimu wa judo mapumziko bila kumvunjia heshima

Ndugu wanajumuiya, salaam. Mimi ni mgeni ninayejifunza judo mjini Tokyo chini ya mwalimu mkali, ambaye huturudisha kwenye uchikomi, yaani kuingia kwenye mtupo bila kumwangusha mwenzako, hadi mikono inakufa ganzi. Bega langu linauma tangu nilipotupwa kwa seoi nage, yaani mtupo wa kupitia begani, na daktari amenizuia kufanya randori, yaani mapambano huru ya mazoezi, kwa muda. Nilimfikishia mwalimu habari kupitia mwanafunzi mwandamizi, nikidhani ndiyo adabu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kisha akanipangia mwenzangu mzito zaidi. Sasa kangeiko, mazoezi ya alfajiri ya Januari, yanakaribia. Je, nimkabidhi mwalimu cheti cha daktari mimi mwenyewe, au nitakuwa nimemruka mwandamizi? Na kuhudhuria nikiwa mtazamaji, nimekaa seiza, yaani kwa kupiga magoti, pembeni, kutahesabiwa kuwa ni kushiriki?