Wakuu, huyu Khaman Maluach mnamwonaje NBA? Au ni mimi tu nimepagawa?

Mtupo Huru (mleta mada)

Wakuu salaam. Msimu mzima wa 2024/25 nimekuwa naamka usiku kuangalia Duke, timu ya kikapu ya chuo kikuu kule Marekani. Wenzangu wote wanamwangalia Cooper Flagg, na wana haki, yule dogo ni moto. Ila macho yangu mimi yamekwama kwa senta wao (yule mrefu anayelinda kikapu), Khaman Maluach, kijana wa miaka 18 mwenye sentimita 218.

Mnaijua historia yake? Kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, kakulia Kampala. Kikapu kaanza kukigusa akiwa na miaka kama 13, baada ya mtu wa bodaboda kumwona njiani na kumwambia urefu ule usipotee bure. Akiwa na miaka 17 tu alikuwa Ufaransa, kwenye Olimpiki ya Paris, siku Sudan Kusini inaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Sasa kilichonimaliza si urefu. Warefu tumewaona. Ni miguu. Mwenye mpira akipenya kuja kikapuni, senta wengi wa umri ule huruka mapema, wanadanganywa, mchezo umekwisha. Huyu anarudi nyuma hatua mbili fupi, kiuno chini, mkono mmoja juu, hana papara. Mpigaji anaanza kuwaza. Na akishawaza, kachelewa. Upande wa pili wa uwanja ndiyo usiseme: kwa kila mitupo kumi anaingiza saba, mingi ikiwa ni kuudaka mpira hewani na kuushindilia.

Kinachonitia woga ni hiki. Mwaka 2009 nilikuwa hivihivi kwa Hasheem Thabeet. Mtanzania mwenzetu, kwenye drafti, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, anachaguliwa namba mbili, mbele ya James Harden na Stephen Curry! Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Yaliyofuata mnayajua, NBA hakung'ara. Niambieni ukweli, najidanganya tena?

Kocha wa Jioni

Mkuu, pole kwa kidonda cha 2009, sote tunacho.

Ila umeiruka mechi na chuo cha Houston makusudi. Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, San Antonio, Duke wako mbele kwa pointi 14 dakika za mwisho zikianza, wanakuja kulala 70 kwa 67. Mtu wako alicheza dakika zaidi ya ishirini. Ribaundi ngapi, yaani mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa? Sifuri. Mtu wa sentimita 218, sifuri! Wale Houston ni wafupi kwake karibu wote, lakini walikuwa wanamwekea nyonga, wanamsogeza, wanaokota mpira kama embe lililodondoka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Thabeet akiwa chuoni, na DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh. Blair alikuwa mfupi mno kwake, lakini walipokutana 2009 alimpindua kwa bega mpaka chini. Kwenye NBA kuna kina Blair kila usiku. Nguvu za chini kwanza, danki (kule kushindilia) baadaye.

Mama Wawili

Kocha yuko sawa kuhusu nguvu, ila nguvu hujengwa. Mwili wa miaka 18 bado unakua, jamani.

Mimi naangalia mkono. Nendeni kwenye mitupo huru, ile ya adhabu ambayo hakuna wa kukuzuia: Maluach kaingiza kama 76 kwa mia. Thabeet mwaka wake wa mwisho chuo cha Connecticut hakuifikia hata sabini. Mtu mrefu mwenye mkono laini pale mstarini, ipo siku atapiga na kutoka mbali. Msimu huu za pointi tatu alijaribu chache sana na nyingi akakosa, lakini umbo la mtupo ni safi, kiwiko kimekaa mahali pake.

Halafu tumtendee haki Hasheem. Alifika Memphis, timu yake ya kwanza NBA, akamkuta senta Marc Gasol, na mrefu mwingine, Zach Randolph, naye akaletwa majira yaleyale. Akawa anapata kama dakika 13 kwa mechi. Senta mbichi anajifunzia benchi? Kwa hiyo swali langu si Maluach ni nani, ni nani atamchukua. Apate timu isiyo na senta, yenye mtu anayejua kumrushia mpira juu.

Na Duke mwaka mmoja unatosha. Luol Deng, huyuhuyu rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, alikaa pale msimu mmoja akaondoka akiwa chaguo la saba, 2004.

Benchi la Mwisho

Mimi nasubiri tu aone Nikola Jokić, yule senta nyota wa Denver, anavyomgeuza kama chapati. Halafu tutarudi kwenye uzi huu.

Mtupo Huru

Benchi, Jokić anawageuza wote, hiyo si hoja 😂

Kocha, umenikamata. Ile mechi iliisha kwetu kunapambazuka, nikalala na hasira, sikutaka hata kuisikia. Jana nimeirudia nikimwangalia yeye peke yake, mpira nikauacha. Ni kweli. Mtupo ukitoka, yeye anainua uso kuufuata, wakati mwenzake keshageuza mgongo na kumziba njia. Halafu akitoka kwenda kumzuia mpigaji, nyuma yake panabaki wazi. Hayo ni mambo ya kufundishika, lakini yapo, na nilikuwa siyaoni kwa sababu sikutaka.

Mama Wawili, hilo la mitupo huru sikuwa nimeliwaza kabisa, na jina langu ndilo hilo! Nimelichukua.

Basi nashusha dau: wachambuzi wengi wanamweka ndani ya kumi wa mwanzo, nami naishia hapohapo, sisemi namba mbili tena maishani. Drafti ni Juni 25, 2025, kwetu saa tisa usiku kuamkia tarehe 26. Nimeshamwonya mke wangu kwamba akisikia kelele sebuleni si wezi.