Simu mpya ya Huawei kutoka Guangzhou au Samsung iliyotumika: ninunue ipi?

Mwana wa Kamalondo
Habari zenu, ndugu. Binamu yangu anarudi Lubumbashi kutoka Guangzhou, na ameniwekea simu mpya ya Huawei ambayo bado imo katika boksi lake. Kwa bei hiyohiyo, muuzaji mmoja wa mjini ananipa Samsung iliyotumika mwaka mmoja, yenye mkwaruzo kwenye kona ya kioo. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi.

Fundi wa Ruashi
Ndugu, bei ni dola ngapi, na simu utaifanyia kazi gani? Tena hukutuambia kama Huawei hiyo ni ya soko la China au la nje. Zinazouzwa nje hutumia EMUI, mfumo wa Huawei ambao unapokea programu za Android ingawa huduma za Google hazimo. Nyingi kati ya zile mpya za China zina HarmonyOS NEXT, mfumo uliotoka Oktoba 2024, na huo hauzipokei moja kwa moja.

Mama Vitenge, Kenya
Mwanangu, nisikilize kwanza. Mwaka juzi nilinunua simu mpya yenye mfumo wake pekee, ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu kioo chake kilinivutia na muuzaji aliniapia kwamba ina kila kitu. Nilipofika nyumbani nilitafuta WhatsApp nisiione. Wateja wangu huchagua vitenge kwa picha, kwa hiyo kila jioni nilimngoja binti yangu atoke shuleni ili niazime simu yake, na nilipoifungua nilikuta ujumbe wa tangu asubuhi: «Mama, nimekwisha kununua kwingine.» Pesa za simu niliendelea kuzipokea, maana menyu ya nyota na reli hufunguka kwenye simu yoyote, lakini programu ya benki yangu haikuwepo kabisa. Niliiuza kwa theluthi ya bei niliyoinunulia.

Mwandika Programu
Pole sana, mama. Mimi naandika programu, na ninajua chanzo cha taabu hiyo. Anayetaka programu yake ifanye kazi kwenye HarmonyOS NEXT hana budi kuiandika upya, aghalabu kwa ArkTS, lugha ya kuandikia programu za mfumo huo. Benki itamwuliza ni wateja wangapi wa hapa wenye simu hiyo, na jibu likiwa ni wachache mno, haitatoa fedha. Na kwa kuwa programu ya benki haimo, mteja naye hanunui simu. Microsoft ilikuwa na fedha nyingi, ikanunua kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014, na bado waandishi wa programu hawakuifuata. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, tarehe 31 Desemba 2019, ilhali simu zenyewe zilikuwa bado nzima.

Mzee wa Katuba
Mfano huo siukubali. Microsoft haikuwa na nchi nzima nyuma yake, lakini Huawei ina soko la China, na ililazimika kujitegemea baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 kuinyima huduma za Google. Vijana wetu wajifunze ArkTS sasa, kabla mlango haujajaa watu. Sisi Waafrika nasi tulijaribu: simu ya Elikia ilitoka Brazzaville mwaka 2012, na Mara Phone ilitengenezwa Kigali mwaka 2019.

Fundi wa Ruashi
Mzee wangu, hizo zote mbili zilichagua Android, ili mnunuzi akute programu zikimngoja.

Mzee wa Katuba
Ndiyo, na kwa hiyo tukabaki wapangaji katika nyumba ya Google.

Mwana wa Kamalondo
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Bei ni dola 280. Mimi nachomelea milango na madirisha. Natuma picha za kazi kwa WhatsApp na kulipwa kwa M-Pesa. Binamu hajui ni mfumo gani.

Fundi wa Ruashi
Mwambie afungue mipangilio, akupigie picha ukurasa wa «Kuhusu simu». HarmonyOS 4 bado inapokea programu za Android. Ikiandikwa 5 au zaidi, hiyo ndiyo NEXT, mwachie.

Mama Vitenge, Kenya
Na hiyo Samsung, usitoe hata dola moja kabla hujaingiza laini yako na kupiga simu mbele ya muuzaji.

Mwana wa Kamalondo
Nimemwandikia binamu. Ujumbe una alama moja tu. Nadhani yumo ndegeni.